Kukaza na Kutunza Cheni ya Pikipiki ya Zamani: Mwongozo wa Mtu wa Tanga

Pikipiki ya zamani haianzi kufa kwenye injini, inaanzia nyuma. Beringi ya sproketi ndogo, ile gia ya mbele inayoivuta cheni, inaanza kulia, sili inavujisha oili, gurudumu la nyuma linapata mchezo, na mwenye chombo anaambiwa injini imechoka, bora auze. Ukiinama ukaitazama cheni yenyewe, unakuta imekazwa mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kama uzi wa udi. Na aliyeikaza aliona ameifanyia hisani.

Maelezo haya ni kwa wenye Honda CG na CD, Yamaha AG na DT, na wale wachache ambao bado wana BSA au Triumph za enzi za mashamba ya mkonge. Wenye bodaboda za Kichina mnakaribishwa pia. Injini nyingi za hizo ni ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, na cheni zake kwa kawaida ni namba 428, saizi ile ile ya CG.

Kwa nini cheni inataka kulegea kidogo

Cheni tunayotumia ni ya rola, na muundo wake ni wa Hans Renold, Mswisi aliyehamia Uingereza na kuutoa mwaka 1880 akiwa Manchester. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye meno ya sproketi. Tunasema cheni "imevutika", lakini chuma chenyewe hakijavutika. Kilicholika ni pini na bushi, mahali ambapo jicho halifiki. Cheni ya pingili 110 ikilika sehemu ya kumi tu ya milimita kwa kila pingili, nzima imeongezeka milimita 11. Ndiyo maana oili unayopaka juu ya rola ili ing'ae haisaidii kitu kama haikuingia ndani.

Jambo la pili ni uma wa nyuma, ule mkono unaoshika gurudumu na kupanda na kushuka na shokapu. Uma haujafungwa katikati ya sproketi ndogo, umefungwa nyuma yake kidogo. Kwa hiyo gurudumu likipanda, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Cheni hukaza kuliko wakati wowote pale kitovu cha sproketi ndogo, bolti ya uma na ekseli ya nyuma vinapokaa kwenye mstari mmoja. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, gurudumu linaning'inia na cheni inaonekana imelegea. Mpakie abiria na kiroba cha mchele, ulegevu ule unakwisha. Kama hukuuacha toka mwanzo, shimo la kwanza la barabarani litaivuta shafti ya giaboksi kwa nguvu zote, na beringi za gurudumu pamoja nayo.

Hili nililionyesha pale kijiweni Ngamiani, maana maneno hayatoshi. Kijana mmoja alikuja, akaitazama pikipiki yangu.

"Shikamoo mzee. Mbona cheni imelegea hivi?"

"Marahaba. Imelegea inavyotakiwa."

"Si itaruka?"

"Hebu panda. Na mwenzako apande nyuma. Haya, mwambie huyo mwingine aiguse sasa."

Aliyeigusa alisukuma kwa kidole, akanitazama. Ulikuwa umebaki mchezo wa unene wa kidole tu. Nikawaambia waipime na ya kwao vivyo hivyo, wote wawili wakiwa juu. Ya kwao haikusogea hata kidogo.

Kwa pikipiki ndogo nyingi, mchezo wa kupanda na kushuka katikati ya cheni ya chini ni milimita 20 hadi 30, ikiwa haina mtu. Zile zenye shokapu ndefu kama DT hutaka zaidi. Kitabu cha pikipiki yako, au kibandiko kilichobandikwa kwenye uma kama bado kinasomeka, ndicho cha kufuata kikitofautiana na mimi.

Vifaa

Spana za ekseli na za ajasta (zile skrubu mbili za kusogeza ekseli ya nyuma), plaizi, bisibisi, rula ya chuma, chaki, brashi ya nywele ngumu au mswaki wa zamani, mafuta ya taa nusu lita, matambara, boksi la kutandika chini, oili ya gia namba 90, na kotapini mpya (ile pini inayozuia nati ya ekseli isifunguke). Ongeza mshipi wa kuvulia mita nne hivi. Ukipita Deep Sea asubuhi hukosi mvuvi wa kukukatia kipande.

Hatua ya 1: Safisha kwanza, injini ikiwa imezimwa

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Weka nyutro. Zima injini, chomoa ufunguo, tia mfukoni. Nasisitiza kwa sababu kuna tabia ya kuwasha injini, kutia gia ya kwanza, halafu kushikilia tambara kwenye cheni inayozunguka ili kazi iende haraka. Tambara likinaswa na meno ya sproketi, vidole vinalifuata kabla hujajua. Zungusha gurudumu kwa mkono. Utachelewa dakika tano, vidole utabaki navyo.

Chovya brashi kwenye mafuta ya taa, sugua pande zote nne za cheni: juu, chini, ndani na nje. Usitumie petroli. Inawaka kwa urahisi, na inakausha kila kitu ikiwemo raba. Kama cheni yako ni ya kisasa yenye raba ndogo za duara kati ya vibati vya ubavuni mwa pingili, acha kabisa brashi ya waya, itazikata. Cheni za zamani hazina raba hizo, zinastahimili zaidi.

Fungua pia kava la sproketi ndogo. Huko ndani utakuta uji mweusi wa grisi, mchanga na nyuzi, umejaa na kuganda. Ukwangue wote kwa bisibisi. Uji huo ukikaa pale unakuwa jiwe la kunolea, na unaficha sili inayovuja.

Ukishafuta, subiri ikauke na utazame kando ya pini, kati ya kibati na kibati. Ukiona unga mwekundu, mwembamba, unaotoka tena hata baada ya kuufuta, hiyo ni kutu ya ndani: pini inasaga bushi bila oili. Chumvi ya bahari ndiyo inayofanya kazi hiyo kwetu. Pikipiki inayolala Raskazone au Sahare, kando ya bahari, huonyesha unga huo mapema kuliko inayolala Muheza, mbali na pwani, hata kama zote zimetembea sawa.

Hatua ya 2: Je, cheni hii bado inafaa kukazwa?

Swali hili watu hulikwepa, wakakaza cheni iliyokwisha mpaka ajasta ifike mwisho.

Pima. Ivute cheni ya chini inyooke, hesabu pini 21, ambazo ni pingili 20, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho. Kwa cheni namba 428 mpya utapata milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Kwa namba 520 na 530, mpya ni milimita 317.5 na mwisho wake ni kama 324. Hiyo ni asilimia 2, kipimo ambacho watengenezaji wengi wanakitumia. Namba yenyewe utaikuta imechapwa kwenye vibati. Pima sehemu mbili au tatu, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Huna rula? Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiinuka mpaka ukaona zaidi ya nusu ya jino, usijisumbue kuikaza.

Sproketi nazo zitazame. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililokwisha limeinama upande mmoja, limechongoka. Angalia vilevile ubavu wa meno: kama upande mmoja umesuguliwa ukang'aa na mwingine ni mchafu tu, gurudumu limekaa mshazari, na dawa yake iko hatua ya 5.

Mwisho, zungusha gurudumu polepole ukitazama cheni inavyoacha sproketi ndogo. Pingili iliyokakamaa hainyooki, inatoka na kona yake na kuruka kidogo. Itie mafuta ya taa, ikunje na kuikunjua kwa mikono mpaka ilegee. Isipokubali, cheni ya kubadili hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta mahali palipokaza zaidi

Mafundi wengi wanapima sehemu moja, wanakaza, wanafunga. Lakini cheni iliyotumika ina sehemu ndefu na fupi, na sproketi ya zamani mara nyingi si duara kamili. Zungusha gurudumu robo kwa robo, na kila mara sukuma cheni ya chini katikati, upime inavyopanda na kushuka. Unaweza kupata milimita 30 hapa, robo inayofuata 18. Weka alama ya chaki kwenye tairi pale ilipokaza kuliko kwingine kote. Vipimo vyote kuanzia sasa utavichukua alama hiyo ikiwa mahali pale pale.

Ukikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, sehemu ile fupi itakuwa inavuta beringi kila inapopita. Tofauti ikifika milimita 15 au zaidi, usitafute ustadi wa kukaza, nenda ukanunue cheni.

Pima cheni ikiwa imepoa, si dakika ile unaporudi kutoka Pangani.

Hatua ya 4: Legeza ekseli, geuza ajasta

Nyoosha kotapini na uichomoe. Legeza nati ya ekseli, usiitoe. Honda nyingi za zamani zina nati ya pili, kubwa zaidi, upande wa sproketi, inayoshika kitako cha sproketi kubwa. Usipoilegeza hiyo, upande mmoja utakwenda na mwingine utabaki, nawe utashangaa kwa nini ajasta ni ngumu. Legeza pia bolti ya mkono unaozuia kibati cha breki kisizunguke.

Nati za ajasta za pikipiki ya pwani huwa zimeshikwa na kutu. Usizilazimishe kavu. Zipake mafuta ya kulainisha kutu jioni, uje uzifungue asubuhi. Ukiivunja ajasta utatembea maduka mengi kuitafuta nyingine, na utaishia kuchongewa.

Sasa geuza ajasta za pande zote mbili kwa kiasi kile kile, sehemu ya sita ya mzunguko kila mara, yaani ubapa mmoja wa nati. Skrubu ya milimita 8 yenye uzi wa kawaida husogeza ekseli milimita 1.25 kwa mzunguko mzima. Inaonekana kidogo, ila ekseli ikirudi nyuma milimita moja, ulegevu wa cheni unapungua kwa milimita kadhaa. Ndipo wengi wanapokosea, wanageuza mizunguko miwili kwa mkupuo. Geuza ubapa, pima, geuza tena.

Ukipitiliza, legeza ajasta zote mbili, gonga tairi kwa kiganja kutoka nyuma mpaka ekseli isogee mbele, uanze upya. Kulegeza ajasta tu hakutoshi, gurudumu halirudi lenyewe.

Hatua ya 5: Nyoosha gurudumu

Zile alama zilizochongwa kwenye uma wa nyuma usiziamini sana. Pikipiki ya miaka 40 imeanguka, imechomelewa, imebadilishiwa ajasta ya aina nyingine. Anza nazo, usimalizie nazo.

Njia ya kwanza ni kupima kwa rula kutoka katikati ya bolti ya uma hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vifanane. Ni njia nzuri kama ekzosi haikuzuii.

Njia ya pili ni mshipi, na mimi ndiyo niipendayo. Tafuta mtu akushikie usukani unyooke. Fungia katikati ya mshipi nyuma ya tairi la nyuma, uupitishe pande zote mbili, chini kidogo ya usawa wa ekseli, pasipo na stendi wala kikanyagio cha kuuzuia, uuvute hadi mbele ya tairi la mbele. Uguse tairi la nyuma mahali pawili kila upande, ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele. Huko mbele, tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba zaidi, kwa hiyo patabaki nafasi kati yake na mshipi. Nafasi ya kushoto na ya kulia ziwe sawa. Kamba ya katani, pamoja na kwamba tunayo tele, haifai hapa. Ina manyoya na inavutika, utasoma uongo.

Gurudumu likielekea upande mmoja, geuza ajasta ya upande mmoja tu, kidogo kidogo, halafu rudi kupima ulegevu kwenye alama ya chaki. Viwili hivi vinavutana, utarudia mara kadhaa.

Kisha chuchumaa nyuma, funga jicho moja, itazame cheni ya juu kwa urefu wake. Mstari wowote uliopinda pale inapoingia kwenye sproketi utauona.

Hatua ya 6: Funga, halafu pima tena

Kukaza nati ya ekseli kunaweza kuisogeza ekseli yenyewe na kuharibu kazi yote. Kunja tambara, liweke chini kati ya cheni na meno ya sproketi kubwa, kisha zungusha gurudumu kwenda mbele kwa mkono mpaka linaswe. Ondoa mkono. Cheni itaivuta ekseli mbele iegemee ajasta, na ukikaza sasa haihami. Ukishakaza rudisha gurudumu nyuma, toa tambara.

Kaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu, kisha ile nati kubwa ya pili, kisha bolti ya mkono wa breki. Tia kotapini mpya, uikunje vizuri. Kuna watu wanatia msumari au waya wa fensi. Kotapini ni shilingi chache, na kazi yake ni kuzuia gurudumu la nyuma lisikuage ukiwa kwenye mteremko wa Amani.

Pima tena kwenye alama ya chaki. Ukipata kitu tofauti na ulichoacha, fungua urudie.

Usisahau breki. Gurudumu limerudi nyuma, kwa hiyo fimbo ya breki imevutwa nalo, na breki inaweza kuwa inashika bila wewe kukanyaga. Zungusha gurudumu, rekebisha nati ya fimbo mpaka lizunguke huru na pedali iwe na mchezo wake. Swichi ya taa ya breki nayo iangalie.

Mara moja katika maisha ya pikipiki yako fanya na kipimo hiki: kalisha watu juu mpaka vile vitu vitatu, kitovu cha sproketi ndogo, bolti ya uma na ekseli, vikae kwenye mstari mmoja, na uhakikishe cheni bado ina mchezo kama wa milimita 10. Halafu washuke, iweke kwenye stendi, pima upya na uandike namba hiyo ndani ya kava la ubavuni kwa rangi. Hiyo ndiyo namba ya pikipiki yako, si ya jirani.

Hatua ya 7: Oili

Hapa kila kijiwe kina dini yake.

Oili chafu ya injini ni ya bure, ndiyo sifa yake pekee. Ni nyepesi, inaruka yote kwenye tairi na suruali, na imebeba unga wa chuma na asidi ya moshi. Grisi inayopakwa kwa nje inang'ara na kumfurahisha mwenyewe, lakini haiingii kwenye pini, na mchanga wa barabara ya Pangani unaipenda. Jioni ya siku ya kwanza umeshapata msasa. Zamani Waingereza waliyeyusha grisi yenye grafiti kwenye bati pana, wakailaza cheni humo ndani ikiwa moto mpaka mapovu ya hewa yaishe. Hiyo ilifanya kazi kweli, kwa cheni isiyo na raba, ila jikoni kwako usiijaribu. Mkaa, nje, na watoto mbali.

Kwa kawaida ya kila wiki, oili ya gia namba 90 inatosha. Ipake unaporudi safarini, cheni ikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu oili huingia kwa urahisi zaidi na ina usiku mzima wa kupenya. Tumia chupa yenye mdomo mwembamba au bomba la sindano. Dondoshea upande wa ndani wa cheni ya chini, juu ya mipaka ya vibati, safu ya kushoto kwanza, mzunguko mzima, kisha ya kulia. Cheni ikikimbia, oili itasukumwa kutoka ndani kwenda nje na kupita kwenye pini. Subiri, kisha futa kwa tambara kila kilichobaki nje. Cheni iliyotiwa oili vizuri haionekani imelowa.

Oili isifike kwenye tairi wala kwenye breki ya drami. Lile boksi ulilotandika, lisimamishe kati ya cheni na tairi.

Mara ngapi? Kiangazi, kwenye lami, kila kilomita 500 hivi. Masika na vuli, kila jioni uliponyeshewa. Ukipita Pongwe vumbi jeupe la chokaa likakuganda, safisha kabla ya kutia oili mpya, usiitie juu ya vumbi. Maji ya bahari yakiigusa, kama ulishuka ufukweni, iloweshe maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ikaushe, itie oili. Ukilala nayo hivyo, asubuhi ina rangi ya chungwa. Na kwenye mashine za kuoshea za presha, mwambie kijana asielekeze mdomo wa bomba kwenye cheni wala kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, maji yanasukuma mchanga mpaka kwenye beringi.

Kuhusu kava la cheni nina neno. CG na AG nyingi zilikuja na kava lililofunika cheni yote, juu na chini. Linapiga kelele likipata ufa, kwa hiyo mtu analing'oa na kulitupa, pikipiki inaonekana nyepesi, ya kisasa. Ametupa kitu bora kuliko oili yoyote. Ukilipata kwenye vyuma chakavu, hata limebonyea, linunue, ulinyooshe, uweke raba kwenye bolti zake lisigonge.

Ikibidi kubadili

Badili vyote vitatu: cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inalika upesi mno, na hela uliyookoa inarudi dukani. Ukiwa umefungua sproketi kubwa, bonyeza zile raba zilizo ndani ya haba yake. Zikiwa zimekauka na sproketi inacheza mbele na nyuma, badili nazo, maana ndizo zinazopokea mshtuko kabla haujafika kwenye cheni.

Dukani piga hesabu kwa pingili. Hesabu za cheni ya zamani ikiwa bado kwenye pikipiki, kisha uhesabu za mpya, usilinganishe urefu kwa sababu ya zamani imeongezeka. Ikizidi, saga vichwa vya pini kwa grainda, usukume pini kwa panchi. Nusu pingili za kuungia epuka, ndipo cheni inapokatika.

Usiiondoe ya zamani kabla ya kuishika mpya kwenye ncha yake. Iunge mpya na ya zamani kwa loki, ile pingili ya kuungia yenye klipu, uvute ya zamani, nayo mpya itapita yenyewe kwenye sproketi ndogo. Loki nunua mpya. Klipu yake ikae upande wa nje, upande uliozibwa ukielekea cheni inakokwenda: kwenye cheni ya juu uelekee mbele, kwenye ya chini uelekee nyuma. Ikikaa kinyume, jiwe moja likigonga ule mdomo wazi, klipu inachomoka, na cheni iliyokatika kwenye mwendo inaweza kufunga gurudumu au kupasua kava la injini.

Wanaopanda Amani kila siku huuliza kuhusu sproketi ndogo yenye jino moja pungufu. Inafaa: kutoka 15 kwa 45 kwenda 14 kwa 45, uwiano unatoka 3.0 hadi 3.2, na mlima unapandika. Lakini kwenye barabara ya Segera injini itakuwa inalia zaidi kwa mwendo ule ule, na cheni inakunjwa kwa ukali zaidi kwenye sproketi ndogo kuliko awali.

Cheni mpya hulegea mapema. Ipime baada ya kilomita 100 au 200 za kwanza, kisha itatulia.

Wenye BSA na Triumph

Nyie mna cheni mbili, na ya ndani, inayotoka injini kwenda klachi, ndiyo ya kuanza nayo. BSA Bantam, iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, haina ajasta ya cheni ya ndani. Ikilegea sana, inabadilishwa, basi.

Triumph na BSA ambazo giaboksi yake imeachana na injini hukazwa kwa kusogeza giaboksi yenyewe. Legeza bolti zinazoishika kwenye fremu, fungua kizibo cha juu cha kava la cheni, tia kidole. Mchezo uwe kama milimita 13, napo ni pale palipokaza zaidi, kwa hiyo zungusha injini kwa kiki huku ukipima. Geuza ajasta ya giaboksi irudi nyuma kidogo kidogo, kaza bolti, pima tena. Zile za baadaye ambazo injini na giaboksi ni kitu kimoja zina ulimi wa chuma ndani unaosukuma cheni kutoka chini. Skrubu yake inafikiwa kupitia tundu la kumwagia oili chini ya kava, na mchezo wake ni mdogo zaidi, karibu milimita 10. Oili itamwagika, andaa beseni, na ukimaliza urudishe kiwango chake, kwa sababu cheni ya ndani inaogelea kwenye oili hiyo na klachi pia.

Giaboksi ikisogea, waya wa klachi unabadilika urefu, fimbo ya kubadilishia gia inaweza kukaa vibaya, na cheni ya nyuma inalegea, kwa sababu sproketi ndogo imerudi nyuma pamoja na giaboksi. Rekebisha klachi, jaribu gia zote gurudumu likiwa hewani, ndipo uchukue chaki uanze hatua ya 3.